Kabureta Uani kwa Mama Mkwe

Mimi petroli naiogopa, na sioni aibu kulisema. Moto wa kuni naujua, makaa nayajua, hata jiko la mafuta ya taa nimelipikia miaka na halijanifanya kitu. Petroli ni habari nyingine. Unaiweka kule, wewe umekaa huku, na yenyewe inatambaa hewani kuutafuta moto. Ndiyo maana marehemu mume wangu alipokuwa akifungua gari lake uani, mimi nilizima jiko, nikafunga mlango wa jikoni na kwenda kukaa kwa jirani mpaka aje kuniita. Alikuwa akinicheka. Alisema hajawahi kuona mtu anayeendesha gari huku akiogopa kile kinacholiendesha. Nami nilimjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio.

Alipofariki aliniachia nyumba, mabanda ya kuku na hilo gari. Ni pikapu kuukuu, ya bluu pale ambapo haijaliwa na kutu, na jina lake ni Kikohozi, kwa sababu haijawahi kuwaka asubuhi bila kukohoa kwanza. Ndiyo inayopeleka mayai yangu madukani na kunirudishia magunia ya chakula cha kuku. Nimeizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Lakini miezi ya karibuni ilianza kuugua kweli. Ilitoa moshi mweusi, ilikunywa mafuta kama imelaaniwa, na ikifika kwenye mwinuko inazima na kuanza kurudi nyuma, trei zote za mayai zikiwa mgongoni. Fundi wetu wa siku zote aliitazama akatikisa kichwa. Alisema kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imekwisha, haina hata pa kuziba, nitafute nyingine. Nikaipata kwa wauza spea za mtumba, nikaifunga kwenye gazeti na kuiweka chini ya kitanda. Fundi alikuwa amesafiri kwenda msibani, nami sikuwa na haraka. Kwa jambo linalohusu petroli sijawahi kuwa na haraka.

Ndipo binti yangu alipokuja. Ndiye mtoto pekee niliyejaliwa, na wakati huo tumbo lilikuwa limemtangulia mlangoni, mimba ya kwanza, miguu imemvimba. Akakaa kwenye kiti changu, akala mayai yangu, halafu akasema bila wasiwasi wowote, "Mama, mwenzangu anasema usimsubiri fundi. Jumamosi anakuja kukufungia kabureta mwenyewe."

Nikaweka sahani chini.

"Mume wako ni fundi cherehani," nikamwambia.

"Anasema mashine ni mashine, mama."

"Aliwahi kufungua gari?"

"Anasema aliona likifunguliwa."

Hata mimi nimeona mtu akifanyiwa upasuaji kwenye televisheni.

Labda mtu atauliza kwa nini sikukataa. Anayeuliza hivyo hana mkwe. Mume wa binti yako akijitolea kukufanyia kazi nyumbani kwako, nawe ukamkatalia, umemwambia kwamba si mwanamume, tena umemwambia mbele ya mkewe. Na yeye akishasema anaweza, hawezi kurudi kusema hawezi. Basi kila mmoja amefungwa kamba na mwenzake. Mimi na mkwe wangu hatukuwa tumegombana hata siku moja. Tulikuwa tunaheshimiana, na kuheshimiana wakati mwingine ni kugumu kuliko ugomvi. Mimi nililelewa kwamba mama mkwe hacheki ovyo na mkwewe, hamtazami usoni, na neno likiwapo linapitia kwa binti. Nami kwa kawaida yangu si mtu laini. Wauza vyakula vya kuku wananiita Mama Shoka, wakidhani silijui. Siku walipokuja kuposa nilimkazia uso kijana wa watu mpaka akamwagia chai suruali yake. Nilijivunia sana siku ile.

Kwa hiyo kila tulipokutana mambo yalikuwa hivi: "Shikamoo mama." "Marahaba." Halafu yeye anaongea na mkewe, nami naongea na binti yangu, na binti yangu anakuwa katikati kama mtu wa posta.

Usiku wa kuamkia hiyo Jumamosi sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: huyu mtoto anakaribia kujifungua, na baba wa mtoto wake anakuja kucheza na petroli uani kwangu. Akipatwa na jambo, nitamwambia nini binti yangu? Mimi ujane naujua ladha yake, lakini mimi niliuonja nikiwa mtu mzima, mwanangu keshaolewa. Yeye ataanza nao hospitali, akiwa na mtoto mchanga kifuani. Nilipoamka nilijaza maji kila kitu kinachoshika maji, beseni, ndoo, hata masufuria.

Wakafika mapema. Nami nilipomwona mkwe wangu nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi mpaka linang'aa, vifungo vimefungwa hadi shingoni na hadi kwenye vifundo vya mikono. Suruali ina mstari wa kukatia mkate. Ni shati alilolishona mwenyewe, na nasema kweli, ni fundi. Nikadhani atabadilisha, kwamba kwenye mfuko ana nguo za kazi. Kwenye mfuko alikuwa na spana za kuazima, bisibisi, mkasi wake wa kukatia vitambaa na kopo la vifungo.

"Mwambie mwenzio kuna koti la kazi la marehemu, limetundikwa stoo," nikamwambia binti.

Binti akaenda kumnong'oneza, akarudi. "Anasema asante mama, lakini hawezi kuvaa nguo ya baba."

Hapo nikaelewa. Nguo ya baba mkwe hawezi kuivaa, na kubaki na singlendi mbele ya mama mkwe hawezi vilevile. Heri ardhi immeze. Basi atafunga kabureta akiwa amevaa kama bwana harusi.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, jiko nimelizima tangu alfajiri, nikawa namtazama kwa pembe ya jicho. Kuku walikuwa huru, wanapekua kuzunguka magurudumu. Akafungua boneti, akaisimamisha kwa fimbo. Akalitoa lile sahani kubwa la chujio la hewa, na chini yake kabureta ikaonekana, nyeusi, imejaa mafuta na vumbi. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, hilo sikumnyima. Kila nati aliyoifungua aliiweka kwenye kifuniko cha kopo, akazipanga kwa ukubwa kama vifungo vya koti. Kila waya alioutoa aliufunga uzi wa rangi yake ili asisahau unakorudi. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, huenda kweli mashine ni mashine.

Halafu alipoiinua kabureta ya zamani, mpira wa petroli bado umeshikana nayo, akagundua kwamba gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa chini ya kabureta ili hewa isipenye, imechanika. Fundi wetu angeenda dukani. Mkwe wangu alimwomba mkewe boksi la viatu. Akaweka kabureta mpya juu ya boksi, akaizungushia chaki, akakata kwa mkasi wake taratibu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Ilitoka nzuri mno, ungedhani ni kola. Nikamuuliza binti kwa sauti ya chini kama boksi la viatu linavumilia joto la injini.

Binti akaniangalia. "Mama, nimuulize?"

"Hapana. Acha."

Nilisema acha. Ningemuuliza ningekuwa nimemwambia hajui.

Ukafika wakati wa kuuchomoa mpira unaoleta petroli. Kibanio chake kilikuwa kimeliwa na kutu. Akakipinda kwa koleo kikakatika, mpira ukamtoka mkononi, na petroli iliyokuwa imebaki ndani ikamrukia. Ilimlowesha mkono wa kulia kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko. Shati likamganda, nikaiona ngozi yake kwa chini. Harufu ikafika mpaka pale nilipokaa.

"Kibanio kimekatika," akamwambia mkewe, huku anakung'uta mkono. "Nenda dukani kwa spea uninunulie kingine, kidogo kama hiki."

Nami nikaongeza, "Na sabuni ya unga." Sijui kwa nini niliongeza. Binti akajifunga mtandio, akatoka getini polepole, mkono kiunoni, na geti likafunga nyuma yake.

Ndipo nilipotambua kwamba nimebaki na mkwe wangu peke yetu, na kati yetu hakuna mtu wa posta.

Akakunja mgongo tena juu ya injini. Mkono ule uliolowa ulikuwa ukienda na kurudi juu ya betri, ambako cheche moja ingetosha. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Vua shati. Lakini litoke vipi katika mdomo wangu? Mimi, mama mzazi wa mkewe, tuko wawili tu uani, geti limefungwa, nimwambie mume wa binti yangu avue nguo? Nililizungusha neno lile mdomoni kama mfupa wa samaki. Mwisho nikafanya nilichozoea. Nikawageukia kuku.

"Nyie kuku," nikasema kwa sauti, "eti mtu akilowa petroli si huwa anabadilisha nguo?"

Kuku hawakusema kitu. Mkwe wangu akasimama wima, akageuza uso kidogo, macho chini.

"Ndiyo, mama," akasema.

Akaukamua mkono wa shati kama mtu anayefua, matone yakadondoka mchangani, akahakikisha kifungo cha kifundoni bado kimefungwa, akarudi kazini. Nikajiambia amesikia. Nikajiambia akiona haina neno, mimi ni nani? Niwe mkweli: nilihisi nimeutua mzigo. Nimesema, na kuku ni mashahidi.

Kibanio hakikuwa kimefika, lakini hakukisubiri. Nadhani alitaka mkewe arudi akute gari linanguruma. Akaifunga kabureta mpya mahali pake, akauchomeka mpira na kuufunga kwa uzi, ule uzi mnene wa kushonea magunia, mizunguko mingi, na fundo la kitaalamu mwishoni. Kisha akajifuta jasho, akaja hatua chache upande wangu, akasimama mbali kama anayeongea na mkuu wa shule.

"Mama, samahani. Kama hutajali, naomba uniwashie."

Nilitaka kumwambia tusubiri, hata kama ni kusubiri kibanio tu, hata kama ni kusubiri mwaka mzima. Lakini woga nao una haraka zake. Mtu akiogopa sana hufika mahali anataka jambo liishe, liishe vyovyote. Nikainuka, nikapanda Kikohozi, nikafunga mlango.

Nilihakikisha gia iko huru. Nilihakikisha tena. Boneti ilikuwa wazi mbele yangu, imeziba kioo chote, isipokuwa upenyo mwembamba chini yake. Kwenye upenyo ule sikumwona mkwe wangu. Niliona weupe wa shati tu, unapita, unarudi.

"Tayari, mama."

Nikazungusha ufunguo. Stata ikalia, ikalia, injini haikushika.

"Tena, mama, tafadhali."

Ikalia tena, kavu. Nikamsikia akijisemea kwamba kabureta haijapata mafuta. Weupe ukainama, ukainuka na chupa ndogo. Nililijua jambo lile, hata marehemu alikuwa akilifanya: unamimina petroli kidogo ndani ya mdomo wa kabureta ili injini ipate pa kuanzia. Alikuwa akilifanya nikiwa kwa jirani. Sasa nilikuwa ndani, mkono kwenye ufunguo, na harufu imejaa mpaka kooni.

"Tena, mama, ukipenda."

Nilikuwa sipendi. Nikazungusha. Kikohozi akakohoa mara moja, kikohozi chake cha siku zote, akanyamaza. Nikamsikia mkwe wangu akicheka kwa furaha.

"Amesikia, mama! Bado kidogo tu!"

Akamimina tena, na safari hii alimimina sana. Nilisikia mlio wa chupa ikigugumia. Midomo yangu ilikuwa ikimwomba Mungu bila kunishauri. Nikazungusha ufunguo.

Kukapiga mlipuko mmoja, mkavu, kama ubao umepigwa ukutani. Ule upenyo chini ya boneti ukawa wa manjano.

Jambo ambalo bado linanitoa usingizini ni kwamba hakupiga kelele. Chupa niliisikia ikitua mbali, upande wa ukuta. Kisha nikaisikia sauti yake, ileile ya adabu, imepanda kidogo tu:

"Mama, samahani. Naungua."

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka niko mbele ya gari na mkwe wangu amesimama wima, ameunyoosha mkono mbali na mwili wake kama kitu cha mtu mwingine, na mkono mzima wa shati unawaka kuanzia kiganja hadi bega. Macho yameganda. Alikuwa akiutazama. Nilijifungua kitenge kiunoni, nikamrukia, nikamviringishia kitenge mkono na bega na shingo na kichwa, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, uso wangu kifuani pake, na tukaanguka wote mchangani. Nilisikia joto likipenya kwenye kitambaa hadi kwenye mikono yangu. Nilikuwa nasema "toka, toka, toka," sijui nilikuwa nauambia moto au mauti.

Nilipofunua, moto ulikuwa umezimika lakini shati lilikuwa bado linafuka. Nikalishika kifuani nikalipasua. Vifungo vikaruka. Likamtoka bega moja, likamtoka la pili, likaishia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na pale likagoma. Kile kifungo alikishona mwenyewe, na kazi yake haikatiki. Nikakivuta, hakikutoka. Kitambaa kilikuwa cha moto, naye sasa alikuwa ameanza kuguna. Nikainama nikakikata kwa meno.

Tukabaki tumekaa chini, tunahema. Ndipo alipogeuka akaona kwamba ndani ya boneti bado kunawaka. Kabureta ilikuwa imeachama na ulimi wa moto unacheza juu yake. Akainuka hapohapo, kifua wazi, anayumba, akaelekea kwenye gari.

"Gari la baba, mama! Gari la baba!"

"Rudi hapa!" Nilipiga kelele ambayo jirani anaisimulia hadi leo. "We! Rudi! Liache liungue!"

Alikuwa bado anakwenda. Nikamkamata mkanda kwa nyuma, nikamvuta mpaka tukafika kwenye tangi la maji, na sikumwachia. Nilimaanisha. Mayai, magunia, kumbukumbu za marehemu, vyote viungue, na nyumba ikitaka iungue pia. Tukasimama pale, mimi nimeshika mkanda wa mkwe wangu kwa mikono miwili, tukiutazama moto unavyofikiria la kufanya. Ulipanda kidogo, ukapungua, ukawa wa bluu. Petroli aliyoimimina ikaisha. Ukazimika wenyewe, na masizi yakabaki yameganda kwenye boneti. Upande wa ukuta, ile chupa nayo ilikuwa imeyeyuka na kuwa doa.

Kuku wote walikuwa juu ya paa la banda.

Hapo mkwe wangu akajitazama. Akaona kifua chake. Akaona mimi sina kitenge, niko na gauni la ndani ya nyumba, fupi. Nasema haki ya Mungu, huyo kijana ambaye mkono wake ulikuwa umeanza kuinuka malengelenge, alijikunja, akajikumbatia kifua kwa mkono mzima, akazunguka kwenda kujificha nyuma ya tangi.

"Mama, nisamehe," akasema kutoka huko. "Sina shati."

Nilibeba beseni nililolijaza asubuhi. Nusu ya maji ikamwagika njiani. "Toka huko," nikamwambia.

"Mama..."

"Toka, nimesema. Leta mkono."

Akatoka, amegeuza uso kando. Nikamkalisha kwenye ngazi ya jikoni, nikauzamisha mkono wake ndani ya maji, na nilipotaka kuuachia nikaona hawezi kuushikilia mwenyewe kwa kutetemeka. Basi nikaushika. Kifundoni, pale kilipokuwa kile kifungo, ngozi ilikuwa mbaya. Vidole vilikuwa vyekundu lakini alipovikunja vilikunjika, kimoja kimoja, na kila kimoja kilipokunjika nilimshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa hai. Nilirudia hivyo kichwani, yuko hai, yuko hai, na badala ya woga kupungua ndipo ulipoanza kunishika kweli. Meno yalinigongana. Tulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia na yake.

Tulikuwa hivyo geti lilipolia. Binti yangu akaingia na sabuni ya unga mkono mmoja, kibanio mkono wa pili. Akaona masizi. Akaona matambara meupe mchangani. Akamwona mumewe kifua wazi kwenye ngazi ya mama yake, na mama yake amemshika mkono ndani ya beseni. Akaachia vyote akaja mbio, na tumbo lile, nikampigia kelele asikimbie.

Akapiga magoti mbele yetu, akamshika mumewe uso, akamgeuza huku na huku kutafuta jeraha jingine. Alipoona hakuna, machozi yakamtoka na hasira pamoja nayo.

"Mkono ulilowa mbele yangu," akamwambia. "Nilikuacha umelowa. Hukusikia kwamba umelowa?"

"Nilisikia," akasema. "Baridi yake ilifika mpaka kwapani."

"Sasa kwa nini hukulivua hilo shati?"

Alitazama maji ya beseni. Mkono wake ulikuwa umetulia kidogo ndani ya mikono yangu.

"Mama alikuwa amekaa pale," akasema.

Binti yangu aliinua macho akanitazama. Alisubiri niseme neno, kwa kuwa mimi sijawahi kukosa neno. Asubuhi yote niliogopa petroli, nikazima jiko, nikajaza maji kila chombo cha nyumba, na kumbe mwenzangu uani alikuwa anamwogopa mtu. Nilimwambia binti aende kwa jirani akaombe gari la kutupeleka zahanati. Alipotoka, niliuinamisha uso nikaendelea kuushika mkono wa mwanangu ndani ya maji, nikimwambia asiutoe.